Kuni Mbichi

Jumatatu, 3 Julai

Miwa ya kwanza imeingia kiwandani leo asubuhi. Honi ililia, watu wakapiga makofi, na meneja Richard akakata utepe kama kawaida yake. Mimi nilisimama nyuma kabisa, mlangoni mwa maabara, namtazama kisogo.

Daftari hili nimelinunua Korogwe juzi kwa kazi moja tu, kwa hiyo nianze na lililo kubwa. Mume wangu Dominiko alikuwa mchochea moto hapa kiwandani. Msimu wa mwaka juzi, makapi ya miwa yakiwa yamelowa mvua, moto ulitoka kwenye mlango wa boila ukamkuta amesimama mbele yake. Aliishi siku mbili. Ripoti ya kiwanda ilikuwa ya ukurasa mmoja: "Chanzo cha ajali ni ulevi na uzembe wa marehemu." Chini yake kuna sahihi ya Richard. Dominiko, ambaye hata togwa ikichacha alikuwa haigusi! Msibani watu walinong'ona kwamba mlevi kajiunguza mwenyewe, na mama yake, Mama Bernadina, alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka anawasikia.

Nilibaki kazini. Napima utamu wa maji ya miwa, nasema shikamoo bosi, nasema ndiyo bosi. Majirani hapa Mnyuzi wanasema ni shida iliyonibakiza. Wacha waseme. Nimebaki ili siku Richard atakapoteleza niwe karibu, nimwone akianguka.

Alhamisi, 6 Julai

Miwa tu. Jua kali.

Jumanne, 11 Julai

Leo nimepata nilichokuwa nakingoja, na aliyenipa ni Richard mwenyewe.

Alituita wote kwenye kivuli cha ghala. Akaeleza kwamba kila mwaka miwa ikiisha, makapi nayo yanaisha, boila inazimwa na kiwanda kinakaa bure kikinunua umeme kama nyumba ya mtu. Sasa anataka miezi hiyo tuchome kuni kutoka Handeni, mtambo uendelee kuzunguka, na umeme utakaozidi tuuze gridi ya taifa. Wenye kiwanda wamekubali lifanyike jaribio. Mwezi wa kumi na moja atakuja mtaalamu kutoka Dar kuangalia kama mradi unalipa au haulipi. Ukilipa, Richard anapanda kuwa mkurugenzi.

"Huu ndio mradi wa maisha yangu," alisema, mkono kifuani.

Halafu akanitafuta kwa macho. "Ritha, utapima unyevu wa kila lori. Wewe ndiye utakayetuambia kuni ipi iingie."

Hakujua anachokisema.

Kazi yenyewe ni rahisi. Nachukua vipande vya kuni, napima uzito, naviweka kwenye oveni mpaka kesho yake, napima tena. Kilichopungua ni maji. Zikiwa na arobaini kwa mia kushuka chini, zinawaka vizuri. Zikipita hamsini, moto unakabwa. Lori la kuni mbichi ni lori la maji: nusu ya dizeli inateketea kwa kubeba maji, na zikifika moto unahangaika kuyakausha kabla haujatoa joto lolote. Mradi mzima umekaa juu ya namba hiyo moja, na namba hiyo iko mikononi mwangu.

Jumatatu, 24 Julai

Iddy alikuja jana kubadilisha bati lililokuwa linavuja. Yeye ni kiongozi wa wachochea moto, na siku ile alikuwa zamu moja na Dominiko. Tangu msiba hajatuacha: mara aje na boga, mara arekebishe mlango. Ananiita shemeji. Mama mkwe hakumkaribisha hata chai, aliingia ndani na kopo lake la mchele akakaa huko mpaka Iddy akaondoka. Nilimwonea haya yule baba wa watu.

Jumatano, 2 Agosti

Lori la kwanza la kuni limetoka Kwamsisi. Alikuja nalo mama mmoja anaitwa Swaumu, mtandio umejaa maganda ya miti. Wana kikundi chao cha wakulima. Wamepanda miti mipakani mwa mashamba, wanapogoa matawi, wanayapanga juani miezi mitatu ndipo wanauza.

"Dada, nikuulize," aliniambia kabla hata hajakaa. "Hiyo oveni yako ukiweka kuni yangu itapungua nini? Jua la Handeni limeshamaliza kazi."

Anaongea huyu mama! Mpaka kichwa kikaniuma.

Alhamisi, 3 Agosti

Kuni za Swaumu: 31.

Jumatano, 9 Agosti

Leo zimeingia lori tatu za Mbwana. Mbwana amemwoa dada yake Richard. Yeye hangoji matawi. Anakata magogo msituni huko Handeni na kuyapakia siku hiyohiyo. Utomvu ulikuwa unadondoka kwenye bodi la lori.

Alhamisi, 10 Agosti

Mbwana: 54.

Nilimpelekea Richard karatasi. Akaiangalia, akavua miwani.

"Ritha, hii namba haiwezi kuwa sahihi."

"Nimepima mara mbili, bosi."

"Oveni ina tatizo." Akaufunga mlango wa ofisi mwenyewe. "Nielewe vizuri. Wale wa Kwamsisi wanaleta lori moja kwa wiki. Mbwana anaweza kuleta tano kwa siku. Bila Mbwana hakuna mradi. Kuni zikikaa hapa uwanjani zitakauka tu zenyewe."

"Zitakauka kwa muda gani, bosi?"

"Andika thelathini na sita."

Alidhani nitabisha. Aliona uso wangu umebadilika, akafikiri ni woga. Lakini mimi nilikuwa nimeiona siku ile ya mwezi wa kumi na moja: wageni wamejipanga, miwa imeisha, makapi hakuna, boila inalishwa kuni za Mbwana peke yake, na mtambo unazima mbele ya macho ya watu wote. Na karatasi zote za kuhakikisha kwamba kuni ni kavu atakuwa ameziagiza yeye.

"Sawa, bosi," nikasema. "Thelathini na sita."

Namba za kweli nitaziandika humu.

Ijumaa, 11 Agosti

Mbwana 55. Nimeandika 35.

Jumanne, 15 Agosti

Mbwana 53. Nimeandika 36. Nimekula ugali vizuri leo, mpaka mama mkwe akashangaa.

Jumatatu, 28 Agosti

Mbwana 56, 54, 55. Nimeandika 36, 35, 36. Rundo uwanjani limefika juu ya paa la ghala. Magogo ya chini yameanza kuota uyoga. Richard kapiga picha mbele yake.

Alhamisi, 14 Septemba

Swaumu alinifuata maabara bila kubisha hodi.

"Dada, unapima nini humu ndani?"

Nikamuuliza kuna nini. Kumbe Richard ameliambia lile kundi la Kwamsisi lisilete tena. Kwamba kuni zao ni sawasawa na za Mbwana, na Mbwana analeta nyingi, basi hawahitajiki.

"Sawasawa!" Alinyoosha kidole kuelekea rundo. "Gogo la Mbwana ukilibonyeza kwa ukucha linatoa maji. Kuni yangu ukiigonga inalia kama sahani. Tumekaa miezi mitatu tunageuza kuni juani, wengine wamebeba watoto mgongoni. Unaniambia mashine yako haioni tofauti?"

"Mashine ndiyo inayosema, mama. Siyo mimi."

Alinitazama, halafu akaangalia oveni, halafu mikono yangu. Akaondoka.

Mwezi uliopita nilimwona mropokaji. Leo nimeshindwa kumtazama usoni. Nimejiambia kwamba mwezi wa kumi na moja ukweli ukijulikana, Swaumu naye atarudishiwa kazi yake. Nimejiambia hivyo mara nyingi mpaka nimechoka kujisikia.

Jumapili, 1 Oktoba

Kanisani padri aliomba waumini wamwombee Richard na mradi wa umeme. Nilisema amina kwa sauti.

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Rundo la Mbwana halina turubai.

Alhamisi, 26 Oktoba

Mbwana 58. Nimeandika 36.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mvua. 58.

Jumatatu, 6 Novemba

Natulia kwanza niandike kwa mpangilio.

Mtaalamu amefika leo, wiki mbili kabla ya jaribio. Anaitwa Salome, mwanamke wa umri wangu, viatu vya matope, anaongea polepole. Aliomba kuona kumbukumbu za usalama wa boila. Karani wa ofisi anaumwa, Richard yuko Tanga, kwa hiyo akaniomba mimi nimtolee kopi. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye kabati, nikalitoa faili la ajali mwenyewe.

Ile ripoti ya ukurasa mmoja naijua kwa moyo. Nyuma yake kulikuwa na karatasi nyingine ambayo sikuwahi kuiona. Maelezo ya shahidi. Mwandiko wa mkono:

"Marehemu alifika kazini ananuka pombe. Nilimkataza kufungua mlango wa tanuri, akakataa, akaufungua mwenyewe."

Sahihi: Iddy.

Nilirudia kuisoma mpaka mashine ya kopi ikajizima. Richard hakuyatunga yale maneno. Aliletewa. Aliletewa na mtu aliyepanda juu ya paa langu, aliyebeba jeneza upande wa kichwa, ambaye mwezi uliopita nilimpakulia wali kwa mkono wangu.

Nilimpa Salome kopi zake. Akaniuliza, "Unaumwa?" Nikasema joto.

Jumanne, 7 Novemba

Iddy kanisalimia getini: "Shemeji, mvua hii itatumaliza." Nikacheka. Sikujua kwamba ninaweza kucheka hivyo.

Jumatano, 8 Novemba

Leo nimeliruhusu wazo liingie, baada ya kulizuia mlangoni siku mbili.

Dominiko alinifundisha jinsi moto unavyoua. Kuni zikiwa mbichi moto haufi, unakosa nguvu tu, na ndani ya tanuri kunajaa moshi. Ule moshi ni moto unaongoja hewa. Mlango ukifunguliwa hewa inaingia kwa mkupuo, na kila kitu kinatoka nje kupitia kwenye mlango huohuo. Ndivyo ilivyokuwa kwa makapi yaliyolowa. Kwa kuni za Mbwana itakuwa hivyohivyo.

Tangu Agosti nilijiambia kwamba mtambo utazimika tu na Richard ataaibika. Nilijua kuna mtu atakayesimama mbele ya ule mlango. Nilikuwa sitaki kumtazama. Sasa namtazama. Siku ya jaribio mlangoni atakuwa Iddy.

Sijamwonya. Na ninaandika hapa bila kujificha: nilipoliwaza hilo nilijisikia vizuri.

Jumapili, 12 Novemba

Nilimuuliza mama mkwe kwa nini hampendi Iddy.

Alikuwa anachambua maharage. "Siku ya mazishi watu wote walikuja kunishika mkono," alisema. "Yeye alikuja kunishika miguu. Mtu hashiki miguu ya mwenzake bure."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unahitaji bati."

Jumatano, 15 Novemba

Miwa imekwisha kwa mwaka huu. Makapi yaliyobaki yanatosha siku nane.

Jumatatu, 20 Novemba

Mbwana 58. Nimeandika 36. Namba ya mwisho kabla ya jaribio.

Alhamisi, 23 Novemba

Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki ng'ambo ya chumba cha mitambo: wenye kiwanda watatu, watu wa benki wawili, na Salome. Richard alikuwa chumba cha udhibiti, nyuma ya kioo, na redio ya mkononi. Mimi niliwekwa kwenye jukwaa la boila, hatua kumi hivi kutoka mlangoni, nichukue sampuli kila nusu saa. Iddy alikuwa pale mlangoni na chuma chake cha kukorogea moto. Alikuwa amevaa shati jipya kwa ajili ya wageni.

Saa tatu waliacha kulisha makapi, wakaanza kuni peke yake. Kwa dakika ishirini kila kitu kilikwenda vizuri. Watu wa benki walikuwa wanacheka. Halafu mlio wa boila ukabadilika. Anayeijua atauelewa: ile ngurumo ilishuka, ikawa kama mtu anayekohoa ndani ya pipa. Moshi mweusi ukaanza kutoka kwenye viungo vya mabomba. Mshale wa geji ya mvuke ukaanza kurudi. Taa zikafifia, zikarudi, zikafifia tena.

Nilikuwa nimeingojea sauti hiyo tangu Agosti. Niligeuka nimwone Richard. Alikuwa amesimama, uso umegandamana na kioo, jasho linamtiririka, na mimi nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Redio ya Iddy ikakoroma. "Iddy! Fungua mlango, koroga huo moto!"

Iddy akaitazama redio. Akautazama mlango. Halafu akaweka mkono kwenye mpini.

Nilikuwa na muda. Sitajidanganya humu kwamba jambo lile lilikwenda kasi. Nilikuwa na muda wa kuutazama mkono wake, wa kukumbuka ile sahihi, wa kuliona lile shati jipya na mikunjo ya pasi mabegani, ambayo bila shaka aliipiga mke wake asubuhi. Na nikaona vilevile kwamba kila kuni iliyokuwa mle ndani niliiingiza mimi. Mimi niliandika thelathini na sita mara zote zile.

"Iddy, usifungue!"

Akageuka. Redio ikapiga kelele tena: "Fungua, nimesema!"

"Usifungue! Kuni zina maji hamsini na nane! Ukifungua utakufa kama Dominiko!"

Akaachia mpini kana kwamba umemuunguza. Akarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu, kisha akakimbia mpaka nilipo. Ndipo tanuri ikapiga. Sauti kama mlango wa behewa la treni ukibamizwa. Mlango wa chuma ukatikisika kwenye bawaba zake, masizi na ndimi za moto zikatoka pembeni kwenye nyufa, pale alipokuwa amesimama. Komeo likashika. Halafu kila kitu kikazima, taa, feni, mtambo, na tukabaki tunasikia mvua juu ya mabati.

Salome alikuwa wa kwanza kupanda jukwaani.

"Umesema hamsini na nane," aliniambia. "Karatasi zote nilizonazo zinasema thelathini na sita."

"Karatasi hizo nimeziandika mimi. Ni za uongo."

"Nani alikwambia uandike?"

Richard alikuwa ameshafika ngazini, anahema. "Huyu mwanamke ana kisasi na mimi!" alisema. "Muulizeni! Mume wake alikufa hapa!"

"Ni kweli," nikasema. "Nina kisasi naye. Na ni kweli kwamba aliniambia niandike thelathini na sita, tarehe kumi Agosti, ofisini kwake, mlango umefungwa. Namba za kweli ninazo zote, lori moja moja. Ziko nyumbani kwenye daftari."

Salome akatuma gari. Sasa nimerudishiwa daftari baada ya kutolewa kopi. Kwa hiyo kuna watu wasiopungua watano waliosoma kwamba nilijisikia vizuri. Basi.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimesimamishwa kazi wiki mbili, na barua ya onyo nitaichukua Jumatatu. Nilistahili kubwa zaidi ya hiyo.

Jumatatu, 27 Novemba

Wenye kiwanda wamemwondoa Richard. Nilikuwa getini kuchukua barua yangu wakati gari lake linatoka, godoro limefungwa juu ya paa. Alisimamisha, akashusha kioo.

"Umefurahi sasa?"

"Bado," nikasema.

Jumatano, 29 Novemba

Nimekwenda Kwamsisi. Basi mpaka Mkata, kisha bodaboda kwenye matope mpaka magoti yakawa mekundu. Nilimkuta Swaumu anafunika kuni kwa mabua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kwamba mashine iliona tofauti, kwamba aliyesema uongo ni mimi, na kwamba Salome ameagiza kundi lao lilete kuni za jaribio la pili.

Aliendelea kufunika.

"Watu wawili wa kikundi wameshauza miti yao kwa Mbwana," alisema hatimaye. "Waliona hakuna faida ya kusubiri jua. Miti ya miaka sita. Hao utawarudishia nini?"

Niliokota bua lililodondoka.

"Haya, shika upande huo," akasema. "Mvua inakuja."

Tulipanga kuni mpaka saa kumi. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikumuuliza.

Ijumaa, 1 Desemba

Iddy amekuja nyumbani. Hakuja na boga.

Alisimama uani, mvua inamnyeshea. "Shemeji, nimekuja kukushukuru. Umeniokoa."

"Usiniite shemeji. Nimesoma ulichoandika."

Alikaa chini kwenye matope. Mtu mzima, akakaa chini kama gunia. Nikamwambia aseme, na akasema.

Siku ile Richard aliagiza kwenye redio mlango ufunguliwe. Aliyeagizwa ni Iddy, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wa zamu. Iddy aliisikia ile ngurumo akajua. Akaogopa. Akamwambia Dominiko, "Wewe uko karibu, fungua." Na Dominiko akafungua, kwa sababu aliyemwambia alikuwa mkubwa wake na rafiki yake. Kesho yake Richard akamwita ofisini. Akamwambia lazima mmoja awe na kosa, ama aliye hai ama aliye kitandani, na aliye kitandani hawezi kupona. Iddy akaandika.

"Na pombe?"

"Richard alisema bila pombe haitaaminika."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Sikumpiga nao, na mpaka sasa mkono unaniwasha.

"Utayasema haya kwenye mkutano wa kufunga msimu," nikamwambia. "Mbele ya kila mtu. Mama yake Dominiko atakaa kiti cha mbele."

"Ritha, nina watoto wanne."

"Nilijua una watoto wanne nilipokuita pale mlangoni."

Jumamosi, 9 Desemba

Mkutano ulikuwa ghalani. Watu kama mia mbili. Mama mkwe alivaa kanga za siku ya Pasaka, akakaa mbele, mkoba mapajani.

Iddy alipoitwa alipanda na karatasi, lakini hakuisoma. Alisema kwa sauti ndogo, macho chini. Kwamba Dominiko hakuwa amelewa. Kwamba aliyeagizwa kufungua mlango ni yeye, naye akamsukumia mwenzake. Kwamba alitia sahihi uongo.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Baba, sijasikia vizuri. Rudia."

Iddy akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Pale mwanzo," akasema mama. "Pale kwenye pombe. Masikio yangu ya uzee."

Akarudia mara ya tatu, analia, maneno yanatoka vipande vipande. Mama mkwe anasikia panya akipita juu ya dari. Alipoona kila mtu mle ndani amesikia, mpaka wapishi waliokuwa dirishani, akafungua mkoba, akatoa leso, akaikunja vizuri, akairudisha mkobani.

"Sasa nimesikia," alisema. Akasimama tukaondoka.

Tulipofika nyumbani aliniomba nimtolee kiti nje, barazani, mahali ambapo wapita njia wote wanamwona. Alikaa pale mpaka magharibi. Watu walikuwa wanapita wanamsalimia, mmoja mmoja, na yeye anaitikia kila mmoja kwa jina.

Jumatatu, 11 Desemba

Kiwanda kimepeleka barua ofisi ya kazi, Korogwe. Ile ripoti imefutwa. Nimerudi maabara, Salome alisema kati ya watu wote wa mradi ni mimi peke yangu niliyeweka kumbukumbu ya kweli, hata kama niliificha. Hakusema kwa kunisifu.

Alhamisi, 21 Desemba

Jaribio la pili liko siku ya nne na halijazima. Kuni ni za Swaumu na za wakulima wa hapa karibu. Salome anasema hesabu itakubali iwapo tu kuni zitakaushwa hukohuko zinakotoka, na nyingi zitoke karibu. Msitu wa mbali hautalipa hata siku moja, maana utakuwa unalipia maji na dizeli. Umeme utakaozidi ni kidogo, si ule wa kumpandisha mtu ukurugenzi. Ila taa za kiwanda zinawaka kwa umeme wetu wenyewe na miwa haipo, na hilo hapa halijawahi kutokea.

Ameweka kanuni mpya. Hakuna kuni inayoingia tanurini mpaka mchochea moto mwenyewe aje maabara asikie kipimo kwa mdomo wa aliyepima. Iddy wamembakiza, wanaoijua boila ile ni wachache. Kwa hiyo kila asubuhi anakuja dirishani kwangu, anavua kofia.

"Ritha, kuni zikoje leo?"

Leo zilikuwa thelathini na moja. Namba ilikuwa mbele yangu, nimeshaiandika, wino umekauka. Nilichukua kitambaa nikafuta mzani. Nikaufuta tena. Nikapanga vikombe vya sampuli, nikavihesabu, nikavipanga upya. Yeye amesimama, vidole kwenye nondo za dirisha, ananitazama mdomo. Nyuma yake boila inanguruma.

Namwambia kweli kila siku, na nitaendelea kumwambia kweli. Ila simwambii haraka.